Mbuzi wa familia Dodoma: soma dalili kabla ya kuchoma sindano

Malalamiko ya wafugaji wadogo wa mbuzi, kuanzia Bahi hadi Kongwa, yanafanana sana: "Nimeshamchoma OTC na bado hali chakula." Sindano imetangulia, uchunguzi haujafanyika. Ukifuatilia unakuta mbuzi ana minyoo, au ana njaa, au amekula machipukizi ya mtama, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotibiwa na oksitetrasaiklini, yaani hiyo antibayotiki ya OTC. Fedha imekwenda, mbuzi amekwenda, na dawa yenyewe inazidi kuzoeleka na vijidudu.

Kwa hiyo hapa tunaanza na kile unachokiona bandani, kisha tunashuka kwenye vyanzo, kuanzia kinachotokea mara nyingi hadi kinachotokea mara chache. Uwe na vitu vichache karibu: kipimajoto cha duka la dawa, mizani ya kuning'iniza, glovu, iodini na daftari. Mbuzi mzima ana joto la nyuzi 38.5 hadi 39.5. Jua la Oktoba linaweza kumpandisha hadi 40 bila ugonjwa wowote, kwa hiyo pima asubuhi kabla hajatoka.

Majike wanapandwa lakini hawashiki mimba

Anza na mgongo. Weka vidole nyuma ya ubavu wa mwisho, bonyeza taratibu. Ukihisi pingili za uti zimechongoka na hakuna nyama pembeni, tatizo lako ni chakula. Jike aliyekonda ama haonyeshi joto, yaani hamu ya kupandwa, ama anapandwa na mimba haikai. Mpe nyongeza ya gramu 250 hadi 300 za pumba na mashudu ya alizeti kila siku, kuanzia wiki 2 au 3 kabla ya kumkutanisha na beberu.

Kama ana mwili mzuri, fungua daftari. Joto hurudi kila baada ya siku 18 hadi 21 na hudumu kati ya saa 24 na 36 tu. Anatikisa mkia, analialia, anakojoakojoa, uke unakuwa mwekundu na una ute. Aliyepandwa kisha akarudi joto ndani ya wiki 3 hakushika. Pasipo tarehe zilizoandikwa huwezi kujua kama jike mmoja ndiye mwenye shida au ni zizi zima, na hapo utakuwa unabahatisha.

Zizi zima likirudi joto, mtazame beberu. Beberu mmoja mzima anatosha majike 20 hadi 25. Kijana wa miezi 8 usimpe hata nusu yao. Mkague kwato na korodani, kwa sababu beberu anayechechemea hapandi vizuri. Kuna jambo wengi hawalijui: mbegu huchukua karibu miezi 2 kutengenezwa, kwa hiyo beberu aliyeugua homa kali mwezi uliopita anaweza kupanda kwa nguvu zote na asizalishe. Mpumzishe, azima mwingine aliyepimwa.

Chanzo cha nadra, lakini kinachowauma wanaonunua mbuzi wa maziwa, ni huntha. Kwenye mbuzi wa asili ya Ulaya, wakiwemo wale wa Norway wanaofugwa Mgeta kule Morogoro, kukosa pembe kwa kuzaliwa kunaambatana na urithi unaofanya baadhi ya majike wazaliwe na maumbile mchanganyiko, wasiozaa kabisa. Huwapata pale wazazi wote wawili wanapokuwa hawana pembe. Usiwapandishe hao kwa hao. Mmoja awe na pembe.

Majike wengi wenye afya wakirudi joto mara ya pili na beberu hana kasoro, acha kubahatisha. Mwite daktari wa mifugo achukue damu ipelekwe maabara ya veterinari.

Kuhusu msimu, maoni yangu ni haya. Mvua ya Dodoma ni moja, Desemba hadi Aprili. Familia isiyo na akiba kubwa ya malisho ipandishe Februari na Machi, majike wakiwa wameshiba majani mabichi. Mimba ni siku 150 hivi, watazaa Julai na Agosti, wakati mashamba yamevunwa na kuna majani ya karanga, mbaazi na mabua. Ukipandisha Julai ili wazae Desemba, jike anabeba mimba katika miezi mikavu kuliko yote. Inawezekana, ila uwe na ghala. Piga hesabu: mbuzi wa kilo 30 anahitaji karibu kilo 1 ya chakula kikavu kwa siku, na Juni hadi Novemba ni siku 183. Hiyo ni kilo 180 kwa kila jike kabla hujafikiria beberu na wanaokua. Matunda ya mgunga yaokotwe na kuhifadhiwa kwenye magunia yanapoanguka. Ni chakula chenye protini, na kinaokotwa bure.

Mimba zinatoka

Mimba moja kutoka katika kundi inaweza kuwa pembe ya mwenzake, kubanana mlangoni, au kuswagwa mbali kwenda mnadani. Kunywesha dawa ya minyoo bila kusoma lebo nako ni chanzo. Albendazoli haipewi jike mwenye mimba changa.

Zikianza kutoka mbili, tatu, badilisha fikra mara moja. Fikiria magonjwa ya kuambukiza yanayotoa mimba: brusela, klamidia, homa ya Q, na mwaka wa mvua kubwa yenye mbu wengi fikiria Homa ya Bonde la Ufa. Mlipuko wa 2007 uliikumba Dodoma, na watu walikufa. Haya yote yanamwambukiza binadamu.

*Simama hapa.* Usishike kijusi wala kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Mama mjamzito na watoto wasikaribie. Mtenge jike, piga simu kwa afisa mifugo wa kata na subiri maelekezo ya sampuli. Baada ya hapo kila kitu kichomwe au kifukiwe kwa kina ambacho mbwa hawezi kukifikia. Maziwa ya zizi hilo yachemshwe hadi yatokote. Usimpeleke jike huyo mnadani kumtupia mkosi mwenzio. Utakuwa umehamishia ugonjwa kwenye nyumba nyingine.

Mtoto amezaliwa, baada ya siku moja au mbili amekufa

Hapa ndipo familia nyingi hupoteza faida ya mwaka mzima, na hapa ndipo kazi ndogo huokoa sana.

Chanzo cha kwanza ni kukosa dang'a. Mtoto wa mbuzi huzaliwa bila kinga mwilini. Kinga yote anaipata kwenye maziwa ya mwanzo, na uwezo wa utumbo kuipokea unapungua kila saa inayopita. Anyonye ndani ya saa 1 au 2. Mwenye kilo 2 apate walau mililita 200 ndani ya saa 24. Usiamini kwamba amenyonya kwa sababu umemwona yuko chini ya mama. Chuchu huzibwa na ute mgumu kama nta, mtoto anavuta na hakitoki kitu. Kamua kila chuchu mara mbili au tatu uone dang'a la njano likitoka, kisha muweke mtoto mwenyewe. Baada ya muda gusa tumbo lake: limejaa kidogo, au ni kapu tupu?

Chanzo cha pili ni baridi. Watu wa nje hushangaa, lakini wanaoishi hapa wanaujua upepo wa Juni na Julai usiku. Mtie mtoto kidole mdomoni. Mdomo ukiwa wa baridi, ulimi hauvuti, usimnyweshe maziwa kwa nguvu, yataingia mapafuni. Mkaushe kwanza kwa gunia au kanga kuukuu, mzungushie chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa, umpime. Joto likipita 37 na akaanza kuvuta kidole, ndipo umpe dang'a kidogo kidogo. Upande wa banda unaopigwa na upepo wa kusini-mashariki uzibwe kabisa, kimo cha mbuzi aliyesimama. Upande wa pili uache wazi juu ili hewa ipite.

Cha tatu ni kitovu. Kichovye kwenye iodini mara tu anapozaliwa. Kitovu kilichovimba na cha moto siku ya tatu au ya nne, pamoja na viungo vya miguu vilivyovimba, kinahitaji antibayotiki iliyopangwa na daktari.

Kuna nyumba ambamo maziwa ya siku za kwanza yanakamuliwa kwa ajili ya chai, na mtoto wa mbuzi anaachiwa mabaki. Hili lizungumzwe nyumbani waziwazi, baba, mama na anayekamua. Wiki za kwanza maziwa ni ya mtoto wa mbuzi.

Kuhusu kuzaa kwenyewe: mtoto hutangulia na kwato mbili za mbele na pua juu yake. Jike akisukuma kwa nguvu nusu saa bila hatua yoyote, au ukiona mkia peke yake, mguu mmoja, au kichwa bila miguu, mwite mtaalamu. Usivute. Kondo la nyuma likipita saa 12 halijatoka, vilevile usivute. Kuling'oa kunararua kizazi.

Na jike mwenye mimba kubwa ya mapacha akiacha kula, akalala, pumzi ikanuka utamu wa matunda yaliyoiva sana, nguvu mwilini zimemwishia. Ni dharura ya siku hiyohiyo.

Anakonda, manyoya yamesimama, chini ya taya pamevimba

Chanzo nambari moja ni minyoo ya tumbo inayonyonya damu, hasa Januari hadi Mei. Kipimo chake hakigharimu kitu. Mshike mbuzi kichwa kwenye mwanga wa jua, sukuma jicho taratibu ndani kwa kidole gumba juu ya kope, na kwa kidole gumba kingine vuta kope ya chini. Tazama rangi ya ndani haraka, kabla haijabadilika kwa kushikwashikwa. Chati ya FAMACHA, iliyobuniwa Afrika Kusini, ina ngazi 5: ya 1 ni nyekundu iliyokolea, ya 5 ni nyeupe kama karatasi. Walio ngazi ya 4 na 5 watibiwe leo. Wa ngazi ya 3 watibiwe kama ni watoto, wana mimba au wananyonyesha. Wa 1 na 2 waache.

Waache kweli. Kunywesha zizi zima dawa ileile kila miezi mitatu ndiko kunakozalisha minyoo isiyosikia dawa. Mpime uzito, usikisie. Mbuzi pia huiondoa dawa mwilini haraka kuliko kondoo, kwa hiyo dozi ya albendazoli iliyoandikwa kwa ajili ya kondoo mara nyingi haimtoshi mbuzi. Muulize daktari dozi ya mbuzi, na usifanye hivyo kwa kukisia na levamisoli, dawa nyingine ya minyoo, ambayo ikizidi kidogo tu inaua. Baada ya siku 10 hadi 14 angalia kope tena. Kama hazijarudi rangi, dawa imeshindwa au chanzo ni kingine, na kinyesi kipelekwe maabara.

Kinga ipo kwenye malisho. Minyoo michanga hukaa kwenye nyasi fupi zenye umande. Usiwatoe alfajiri wakati wa mvua. Subiri umande ukauke. Waache wale vichaka na majani ya juu, ndiyo asili ya mbuzi.

Kope zikiwa nyekundu na bado anakonda, fuata mpangilio huu: njaa ya kweli, yaani mabua matupu bila mashudu, meno yaliyong'oka kwa mbuzi mzee, kupe na upele, mwisho mifuko ya plastiki tumboni. Katazo la mifuko ya 2019 limepunguza, lakini mabaki bado yapo kwenye mitaro ya mjini, na mbuzi wa Chang'ombe au Kizota hujilisha humo.

Watoto wanahara

Wa wiki ya kwanza: vyombo vichafu au maziwa mengi kwa mpigo. Wa wiki 3 hadi miezi 5, hasa banda likiwa limeloa na limebanana: koksidia, vijidudu vya utumbo. Kinyesi kinaweza kuwa na damu, mtoto anajikamua. Dawa ya minyoo haiui koksidia, kwa hiyo usiipoteze hapo. Zipo dawa zake, amproliamu na za jamii ya salfa. Wakati unazitafuta, zuia kukauka maji mwilini: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, kidogo kidogo kutwa nzima. Macho yakiwa yamezama na hasimami, anahitaji dripu, na dripu ni ya daktari.

Kukohoa, makamasi, kupumua kwa shida

Kikohozi cha mmoja mmoja huku wakila vizuri, kwa kawaida ni vumbi la banda au mapumba makavu yanayopeperuka. Lowanisha pumba, fagia wakiwa nje.

Homa ya nyuzi 40.5 na zaidi, na wanaougua wanaongezeka, hiyo ni habari nyingine. Jiulize kwanza: nani ameingia zizini mwezi huu? Mbuzi aliyenunuliwa Msalato au mnada wowote akachanganywa siku hiyohiyo ndiye mlango wa magonjwa mawili makubwa.

Homa ya mapafu ya mbuzi huwapiga mbuzi, kondoo walio nao wakabaki wazima. Mbuzi anasimama ametanua miguu ya mbele, shingo mbele, anakoroma. Penisilini haina kazi hapa, kwa kuwa kijidudu chake hakina ukuta ambao penisilini huushambulia. Tailosini au oksitetrasaiklini husaidia zikitolewa mapema kwa dozi kamili. Hapa ndipo OTC ina nafasi yake ya haki, kwa maelekezo ya daktari.

Sotoka ya mbuzi na kondoo ni kirusi, ilithibitishwa nchini mwaka 2008. Macho na pua zinatoa uchafu unaoganda, fizi zina vidonda na harufu mbaya, kisha kuhara. Hupiga mbuzi na kondoo pamoja. Haina dawa, ina chanjo ambayo kinga yake hudumu walau miaka 3.

*Simama hapa.* Ukishuku lolote kati ya haya mawili, funga zizi, usiuze wala kuhamisha mnyama, toa taarifa siku hiyo. Na kuanzia leo, mbuzi mgeni akae peke yake wiki 3, mbali na wenzake, na ndoo yake.

Ameanguka ghafla, au tumbo limejaa

Uliza alikuwa wapi saa moja iliyopita.

Kama ni shamba la mtama uliochipua upya baada ya kuvunwa, au mtama mchanga ulionyauka kwa ukame, ni sumu ya sayanidi. Anahema, anatetemeka, damu na fizi ni nyekundu kupita kawaida. Dawa ipo, lakini ni ya mshipa na ni ya daktari, na dakika zinahesabika. Watoe wengine shambani kabla ya kupiga simu. Ukivuna mtama, wapeleke mbuzi kwenye mabua yaliyokauka, machipukizi ya kijani usiyachezee.

Kama tumbo la kushoto limevimba na linalia ukilipiga, ni gesi. Msimamishe miguu ya mbele juu ya kitu, mkande tumbo, umnyweshe mililita 100 hadi 150 za mafuta ya alizeti taratibu. Nusu saa bila nafuu, au analala na kuachama, mwite mtaalamu. Kisu cha jikoni kisikaribie tumbo lake.

Kama aliingia ghalani akala mahindi au mtama mwingi, usisubiri avimbe. Tumbo linageuka tindikali na kifo huja kesho yake. Piga simu akiwa bado anatembea.

Homa kali, kutembea kwa kunyanyua miguu juu, kisha degedege, fikiria ugonjwa wa maji moyo unaoenezwa na kupe wenye madoa. Mbuzi waliotoka nyanda za baridi zisizo na kupe hao hufa kwa wingi wakiletwa huku. Waogeshe tangu wiki ya kwanza.

Beberu anajikamua, mkojo hautoki

Wengi humdhania ana choo kigumu. Mtazame chini: matone, au chumvichumvi kwenye nywele za uume. Ni mawe ya mkojo, na chanzo chake ni pumba nyingi kila siku na maji machache. Maksai waliohasiwa wakiwa wadogo sana wako hatarini zaidi. Zuia kwa majani mengi, chumvi na maji safi muda wote. Ikishatokea hakuna tiba ya nyumbani. Kibofu kinaweza kupasuka ndani ya siku chache. Na usimpe maji mengi kwa nguvu ukidhani utamsukuma mkojo, unaharakisha kupasuka.

Kiwele kigumu, cha moto

Kamua matone ya kwanza kwenye kitambaa cheusi. Mabonge au majimaji maana yake maambukizi. Kamua upande huo mara nyingi kwa siku, mtoto anyonye upande mzima, na dawa ya chuchu itolewe na mtaalamu. Maziwa yasitumike hadi siku zilizoandikwa kwenye lebo ziishe. Kiwele kikigeuka baridi na cha bluu, ni hatari ya kifo, usingoje asubuhi.

Kila mwaka watoto wanazaliwa wadogo zaidi

Hakuna homa, hakuna kuhara, ila kizazi cha tatu ni dhaifu kuliko cha kwanza na kuna wenye taya zilizopishana. Fungua daftari tena: beberu ni yuleyule, na sasa anawapanda binti zake. Beberu asizidi miaka 2 ya kupanda zizini kwako. Mbadilishane na mfugaji wa kijiji kingine, wote wamepimwa brusela, au tafuta beberu aliyeboreshwa. Mbuzi chotara wa Malya, ambao utafiti wa Mpwapwa na Kongwa umewashughulikia kwa miaka mingi, wana damu ya Kamorai asilimia 55, Boer 30 na ya kienyeji 15, na wanaustahimili ukame wetu. Madume wadogo watenganishwe na dada zao wakiwa na miezi 4, kwa sababu wanaweza kuzalisha mapema kuliko unavyofikiri. Kila mtoto apewe hereni ya namba siku anayozaliwa, jina la baba na mama liandikwe jioni hiyohiyo.